Jina Langu Kwenye Nafasi ya Mama

Niliona viatu vyake kwanza. Nilikuwa nimeinama juu ya neti ufukweni Dunga, nikitandaza omena za asubuhi, dagaa wetu wa ziwani, na viatu vyeusi vya shule vikasimama mbele yangu mchangani. Ilikuwa Jumanne, na saa nne ilikuwa haijafika. Mtoto wa gredi ya sita haonekani ufukweni saa hizo kama si mgonjwa.

"Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa. Tumetumwa." Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na miwili na alipenda jambo lisemwe lilivyo. "Madam amesema wale hawana cheti ya kuzaliwa waende waambie wazazi. Ijumaa jioni wanafunga."

"Wanafunga nini?"

"Kuandikisha. Ule mtihani wa taifa. Kama jina lako haliko ndani, haliko."

Nilinawa mikono ziwani na kumwambia akae kivulini. Wanawake wenzangu waliendelea kutandaza, lakini mazungumzo yao yalipungua. Walitaka kusikia.

Mimi niliacha shule kidato cha pili. Sikufukuzwa. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alipolala kitandani nikaambiwa nibaki nyumbani wiki mbili nimuuguze. Wiki mbili hizo hazijaisha hadi leo. Kwa hiyo mdogo wangu aliposema "haliko", sikuhitaji kufafanuliwa. Mtoto asiyeandikishwa hukaa nyumbani akingoja mwaka ujao, na akiwa anangoja anatumwa maji, anatumwa sokoni, anaonwa na watu kuwa amekomaa. Mwaka ujao ukifika hakuna anayekumbuka kwamba alikuwa anangoja shule.

Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwepo zamani. Kililowa pamoja na vitu vyote vya nyumba yetu mwaka uliotangulia. Maji ya ziwa hayakutujia kwa kishindo. Yalipanda kutoka chini, sakafu ikaanza kutoa jasho, kisha ikawa tope, kisha tukaanza kupanga matofali chini ya vitanda. Wazee walisema yatarudi. Yalipofika kwenye makaburi ya baba na mama nyuma ya nyumba, niliacha kusubiri. Nilimbeba mdogo wetu wa mwisho, mvulana wa miaka sita, huyu dada yake akabeba sufuria, tukaenda shule ya msingi iliyo juu kidogo, ambako watu walikuwa wamefunguliwa madarasa kwa sababu ilikuwa likizo. Katika vitu nilivyookoa kulikuwa na kitambulisho changu kipya na cheti cha kifo cha mama, nilichokuwa nimekifunga kwa nailoni.

Pale shuleni ndipo nilipofanya kosa langu.

Karani wa chifu aliketi kwenye kiti cha plastiki akiandika orodha ya wenye kupewa hema na chakula. Karatasi yake ilikuwa na mistari ya baba, mama na watoto. Kwenye foleni, wanawake walikuwa wakinong'ona kwamba watoto mayatima watachukuliwa na ofisi ya watoto, wakubwa huku, wadogo kule, mpaka ndugu wa baba wajitokeze. Ndugu wa baba tuliokuwa nao ni wale wa Port Victoria, waliofika kwenye matanga ya mama wakamtazama mdogo wangu kuanzia kichwani hadi miguuni na kuuliza kama anaweza kupika.

"Watoto wa nani hawa?" karani aliuliza.

"Wangu."

Kwetu, mama akifa, binti wa kwanza hasemi "wadogo zangu" tena mbele ya watu. Husema "watoto wangu", na kila mtu anaelewa. Karani naye alielewa, kwa maana alikuwa wa huku huku. Lakini kalamu yake niliitazama ikishuka kwenye mstari wa mama na kuandika jina langu na namba ya kitambulisho changu. Ningeweza kumwambia aache. Nilinyamaza. Jioni niliwafundisha watoto: mtu wa ofisi akiuliza, mimi ni mama. Mdogo wetu wa mwisho aliona ni mchezo. Huyu wa kati alirudia mara tatu bila kucheka.

Shule zilipofunguliwa tulihamishiwa kwenye hema nyuma ya uwanja wa mpira, na mwalimu mkuu akaandikisha watoto wote wa kambi kwa siku moja. Hakudai sare wala karatasi. Alichukua orodha ya chifu, akanakili majina kama yalivyo. Kwa hiyo hata katika daftari la shule nikawa nimezaa.

Jumatano nilikwenda mjini, ofisi ya usajili. Nilipanga foleni tangu alfajiri nikiwa na barua ya shule na kile cheti cha kifo. Afisa alikuwa kijana mwenye miwani, si mtu mbaya. Alitafuta katika rekodi zake, akaniambia, "Mtoto nimempata. Alizaliwa hospitali, mama aliandikisha. Hii ni kazi ya kuchapisha tu." Moyo wangu ulitulia. Kisha akaweka karatasi zangu mbili sambamba.

"Mama yake ni huyu marehemu?"

"Ndiyo."

"Na huyu shule imeandika kuwa mama?"

"Ni mimi."

Alichukua kitambulisho changu, akahesabu kwa vidole. Kisha akageuka kwa wenzake. "Ai, yawa! Njooni muone bingwa. Amezaa akiwa na miaka tisa!"

Watu wa foleni walicheka. Mzee mmoja nyuma yangu alisema, "Na mimi nilidhani wa kwangu walianza mapema." Nilisubiri wamalize.

"Ni dada yake," nilisema. "Sisi ni yatima. Iliandikwa hivyo kambini."

Afisa hakucheka tena. "Dada, mimi sikukatalii. Lakini siwezi kumpa mtu cheti cha mtoto kwa barua inayosema uongo. Watoto wanaibwa siku hizi. Leta barua ya chifu inayosema wewe ni nani wake, na shule irekebishe yake. Njoo Ijumaa kabla ya saa sita nitakuchapishia wewe mwenyewe."

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Alinisikiliza akiwa amesimama, kwa sababu kengele ilikuwa imelia. "Mtoto aketi darasani," alisema. "Sheria iko wazi, awe na nyumba asiwe na nyumba, atasoma. Hapa hakuna atakayemtoa. Lakini mtihani si wangu. Bila namba ya cheti, ile kompyuta hainipi pa kuandika jina lake."

"Basi rekebisha ile barua, madam."

"Kwa neno lako tu? Orodha ilitoka kwa chifu, na muhuri ni wake. Yeye akiandika, mimi naandika dakika hiyo hiyo."

Habari ilifika kambini kabla yangu. Jirani yangu wa hema, mama wa watoto wanne tuliyeazimana naye chumvi na makaa mwaka mzima, alinikuta nikivaa gauni langu la kanisani.

"Nyako, msichana wewe, kaa chini," alisema. "Unaenda kwa chifu kusema umedanganya?"

"Naenda kusema mimi ni dada."

"Ni kitu moja. Ukisema hivyo hema inaenda. Na si yako peke yake. Wataanza kuuliza kila hema, huyu mume yuko wapi, huyu mtoto ni wa nani. Unataka kutuletea msako?"

"Mtoto atakosa mtihani."

"Mtihani iko kila mwaka. Hema haiko kila mwaka."

Alikuwa ananiambia kweli, na watoto wake walikuwa wamekaa mlangoni wakitutazama. Nilimwambia tu, "Hata mimi niliambiwa shule iko kila muhula." Aliingia ndani mwake na kushusha pazia.

Nilimpitia mdogo wangu darasani, kwa ruhusa ya mwalimu wake, tukaenda pamoja. Nilidhani chifu akimwona mtoto mwenyewe na sare yake mambo yatakuwa mepesi. Tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu saa sita. Saa nane wingu lilishuka upande wa Nandi na mvua ikaanza kugonga mabati. Omena zangu zote zilikuwa kwenye neti. Nilikuwa nimemwomba mwenzangu azikusanye, lakini alikuwa na zake, na mikono ni miwili. Omena ikilowa ikiwa nusu kavu haifai tena, inakuwa chakula cha kuku. Nilikaza miguu chini ya benchi nisije nikanyanyuka. Mdogo wangu aliitazama mvua, kisha akanitazama mimi.

Tulipoitwa, chifu alikuwa na mzee wa mtaa wetu wa zamani, ule uliozama. Mzee alikuwa ameketi pembeni, kofia gotini. Nilisalimu kwa magoti kidogo, kama tulivyofunzwa, nikaeleza shida yangu yote mpaka mwisho, bila kuficha kwamba niliona karani anachoandika na nikanyamaza.

Chifu alifungua orodha. Alipapasa karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nyathina, mwanangu," alisema hatimaye, "unajua hii muhuri ni ya nani?"

"Ni yako, Mzee."

"Hii orodha ilienda kaunti. Ikaenda kwa wafadhili. Sasa mimi niandike barua, na muhuri ile ile, kwamba orodha yangu ni ya uongo. Wewe ungekuwa mimi ungeandika?"

"Uongo ni wangu, Mzee. Andika hivyo."

Hakupenda jibu hilo. Alimgeukia mdogo wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akishika mkoba wake wa shule kifuani. Sauti yake ikawa ya upole. "Wewe binti. Huyu ni nani wako?"

Nilitaka kugeuka nikashindwa. Niliogopa nikimtazama itaonekana namwelekeza. Nilisikia mvua, na mzee akikohoa.

"Ni mama," mdogo wangu alisema.

Chifu alifunga faili. "Umesikia? Mtoto mwenyewe amesema. Nani aliyekutuma kuja kuharibu orodha yangu?"

"Mzee, nilimfundisha aseme hivyo."

"Ulimfundisha jana, au unamfundisha leo? Mimi nitajua vipi?"

Niligeuka sasa. Mdogo wangu alikuwa amekaza midomo, macho yake kwangu, kama mtu aliyejibu swali vizuri na anangoja kuambiwa amepata. Mwaka mzima nilikuwa nimemwambia kwamba neno hilo ndilo linalotuweka pamoja. Nilipiga goti mbele yake kwenye sakafu ya saruji.

"Sema ukweli," nilimwambia. "Leo sema ukweli."

"Ulisema nikisema watanipeleka Port Victoria."

"Nilisema."

"Na yule mdogo wetu watampeleka kwingine."

"Nilisema, ndiyo. Nilikuwa naogopa. Sasa sema tu."

Alilia kwanza. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, akinisukuma bega kwa mkoba. Kisha akasema kwa haraka, akimtazama chifu usoni, kwamba mama yake alikufa, kwamba alikuwa amevaa sweta ya kijani siku waliyompeleka hospitali, kwamba mimi ni dada yake na ndimi ninayepika, na kwamba kama ni kufukuza watu nifukuzwe mimi kwa sababu ndimi niliyesema uongo, yeye ana mtihani.

Mzee wa mtaa aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa kofia. "Huyu ni wa mama yake kabisa," alisema. "Mama yake aliongea hivyo hivyo. Chifu, mimi nilichimba lile kaburi. Watoto hawa nilikata nao nyasi za matanga. Kambi nzima inajua huyu si mzazi wao."

"Na wewe hukuniambia?"

"Kwani wewe hukujua?"

Chifu alitazama dirishani. "Nilijua," alisema. "Lakini kujua na kuandika ni vitu viwili."

Alivuta karatasi. Kabla ya kuandika alinyoosha kidole kwangu, na sasa hakuna upole uliobaki. "Nikiandika hii, kaya yako haiko. Hema ni ya mama na watoto wake, na mama huyo hayupo. Kuna mwanamke na mapacha wake wanalala veranda ya kanisa tangu mwezi jana. Jumamosi anaingia. Na ofisi ya watoto nitawajulisha uko wapi, kwa sababu lazima. Nikiwaambia dada mkubwa anawalea vizuri, watakuja kuona kama ni kweli. Umekubali?"

Mdogo wangu alinishika mkono. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na sikuwa na mahali pa kulala Jumamosi.

"Andika, Mzee."

Aliandika kwa mkono wake, mistari minne. Mzee wa mtaa akaweka kidole gumba chini yake. Jioni hiyo hiyo mwalimu mkuu akaiona, akarekebisha barua ya shule.

Ijumaa saa tatu yule kijana wa miwani alinichapishia cheti kama alivyoahidi. Alilisoma jina la mdogo wangu kwa sauti, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Bingwa," alisema, lakini taratibu, watu wasisikie. Nilichukua boda boda, kitu ambacho sikufanya hata siku mama alipozidiwa, na nikamwambia mwendeshaji apite Manyatta asikwame kwenye foleni ya magari.

Kufika shuleni, mtandao ulikuwa umekatika. Karani wa shule aliketi mbele ya kompyuta, duara dogo likizunguka katikati ya kioo. Wazazi watatu walikuwa mbele yangu. Saa saba ikapita, saa nane. Mwalimu mkuu aliingia na kutoka na simu yake akijaribu kuiunganisha na ile kompyuta. Saa tisa na nusu mzazi mmoja alianza kupiga kelele kwamba shule imekula wakati kwa makusudi, na karani akamjibu kwamba basi aje aupulize huo mtandao mwenyewe. Mimi nilikaa na cheti kwenye mapaja, nimekifunika kwa leso kisije kikashika jasho la mikono yangu. Saa kumi na dakika kadhaa duara likaacha kuzunguka.

Karani aliandika haraka haraka. Namba ya cheti. Jina. Tarehe. Alipofika kwenye mama, akaandika jina la mama, na pembeni yake kwamba amefariki. Kwenye mlezi akaandika langu. Kisha akauliza bila kunitazama, "Mnaishi wapi?"

Nilifungua mdomo. Hema ilikuwa yangu mpaka kesho.

"Dunga," nilisema.

"Dunga wapi? Kuna nyumba?"

"Ufukweni. Kuna banda la neti. Mama mmoja wa kukaanga samaki ametuachia pembe moja."

"Banda si makazi, mama. Hii inataka makazi."

Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni, simu yake ingali juu. "Andika sanduku la barua la shule," alisema. "Kwani barua zake si zitakuja hapa? Andika, umalize, kabla hii kitu haijakatika tena."

Karani akaandika. Akabonyeza. Tulingoja sote, hata yule mzazi wa kelele. Kisha jina la mdogo wangu likajitokeza kwenye orodha, la pili kutoka chini, na namba mbele yake. Niliisoma namba hiyo mara mbili. Mdogo wangu alikuwa dirishani, nje, na wenzake watatu. Nilimwonyesha dole gumba. Hakuruka wala hakupiga kelele. Alitikisa kichwa kukubali, akarudi darasani kuchukua mkoba wake.

Jumamosi yule mama wa mapacha alifika na godoro moja na jiko. Alikuwa na aibu kuliko mimi. Nilimwonyesha kamba inayovujisha maji ikilegea, tukaifunga pamoja. Jirani yangu hakutoka kuniaga, na hadi leo sijui kama alikuwa na lake la kuficha au alikuwa amechoka tu na mimi. Watu wa ofisi ya watoto walikuja ufukweni baada ya siku kumi, wanawake wawili wenye daftari, wakawauliza wadogo zangu maswali mbali na mimi. Walisema watarudi. Wamerudi mara mbili, na mara zote mbili wamewakuta shuleni.

Lakini hiyo ni baadaye. Jumapili ya kwanza kule Dunga mdogo wangu alifua sare yake ziwani, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatatu na mwendo kutoka ufukweni hadi shule ungekuwa wa saa nzima. Aliianika kwenye ubavu wa mashua iliyopinduliwa. Ufukweni vitu huibwa upesi, kwa hiyo tulikaa chini ya mashua hiyo sisi watatu, tukiilinda. Jua lilikuwa kali. Ilikauka kabla ya saa tisa.